Jinsi ya kuichambua namba kubwa: 1,234,567,890 kutoka vigawo tasa hadi makundi yake

Watu wengi huiandika namba hii wakijaribu kibodi, au wakiweka nywila ambayo mwizi ataibahatisha mara ya kwanza. Kihesabu, hata hivyo, ni namba nzuri ya kujifunzia. Sehemu yake moja inafunguka kwa macho tu, na nyingine inang'ang'ana mpaka uichagulie njia. Ukiweza kuimaliza hii kwa kalamu, namba nyingi za tarakimu kumi hazitakusumbua.

Tafuta karatasi, kikokotoo cha tarakimu 12 kama kile cha dukani, na orodha ya namba tasa zilizo chini ya 100. Ziko 25. Kikokotoo cha tarakimu 8 kitakukwamisha, maana namba yenyewe haiingii, sembuse jumla ya vigawo vyake.

Usianze kwa kuuliza namba hii ni ya kundi gani. Ina vigawo vingapi, ni kamilifu au ya ziada, ni jumla ya miraba miwili au hapana: majibu ya maswali haya yote yanatoka kwenye vigawo tasa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuivunja.

Toa kwanza vinavyoonekana

Inaishia na 0, basi inagawanyika kwa 10, yaani 2 × 5. Kinachobaki ni 123,456,789. Hii inaishia na 9, hivyo hakuna 2 nyingine wala 5 nyingine.

Jumlisha tarakimu: 1+2+3+4+5+6+7+8+9 = 45. Jumla inagawanyika kwa 9, basi na namba inagawanyika kwa 9:

123,456,789 ÷ 9 = 13,717,421

Hapa ndipo wengi huteleza kwa namna mbili. Wapo wanaogawa kwa 3 mara moja wakaendelea mbele, wakasahau 3 ya pili. Wapo pia wanaodhani kanuni ya jumla ya tarakimu inaendelea hadi 27. Haiendelei, inafanya kazi kwa 3 na 9 tu. Ukitaka kujua kama kuna 3 ya tatu, jumlisha tarakimu za jibu jipya: 1+3+7+1+7+4+2+1 = 26. Haigawanyiki kwa 3, basi 3 zimekwisha.

Sasa pima 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja. Njia hii inatumia ukweli kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Gawa namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu:

421 − 717 + 13 = −283

Usijali alama ya kutoa. Gawa 283 kwa 7, baki ni 3. Kwa 11, baki ni 8. Kwa 13, baki ni 10. Hakuna baki la sifuri, basi 13,717,421 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu. Lingetokea sifuri kwa 7, kwa mfano, ungegawa namba nzima kwa 7 na kurudia jaribio kwa kilichobaki.

Tumefika hapa: 1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 13,717,421. Swali sasa ni hilo donge la mwisho.

Donge lisilokatika

Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3,703.7 hivi. Kama donge si tasa, lazima kigawo chake tasa kilicho kidogo kabisa kisizidi 3,703. Ukigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine hadi huko na usipate kitu, donge ni tasa. Kinadharia ni rahisi. Kwa mkono ni adhabu, kwa sababu chini ya 3,703 kuna namba tasa zaidi ya 500.

Busara ni hii: jaribu zile 25 za chini ya 100, na zikikataa, badili njia kabla hujachoka. Hapa zote zinakataa. Njia ya kugeukia ni ya Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Inategemea kwamba kila namba witiri iliyo zao la namba mbili inaweza kuandikwa kama tofauti ya miraba miwili, na a² − b² = (a − b)(a + b). Chukua namba nzima ya kwanza iliyo juu ya kipeuo cha pili, ipige mraba, toa donge, uone kama kilichobaki ni mraba kamili. Kikikataa, ongeza 1, urudie.

3,704² = 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Si mraba: mraba wowote unaoishia na 5 huishia na 25, na huu unaishia na 95. Hakuna haja ya kikokotoo.

3,705² = 13,727,025. Toa 13,717,421, inabaki 9,604. Na 98² = 9,604.

Basi: 13,717,421 = (3,705 − 98) × (3,705 + 98) = 3,607 × 3,803.

Hatua mbili, mahali ambapo kugawa kwa zamu kungefika 3,607 baada ya namba tasa zaidi ya 500. Imewezekana kwa sababu vigawo viwili vinakaribiana. Vikiwa mbali, njia hii hugeuka mateso. Mfano maarufu ni 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Fermat mwenyewe aliamini ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Kwa kugawa kwa zamu, 641 ni namba tasa ya 116, kazi ya mchana mmoja kwa mtu mvumilivu. Kwa njia ya tofauti ya miraba ungehitaji hatua zaidi ya milioni 3. Kwa hiyo jiwekee kikomo: hatua 20 za Fermat zikipita bila mraba, rudi kwenye kugawa au washa kompyuta.

Onyo jingine, na hili huwanasa hata waandika programu. Usiitumie njia hii kabla ya kutoa 2 zote. Namba yetu nzima, 1,234,567,890, ikigawanywa kwa 4 inaacha baki 2. Namba ya namna hiyo haiwezi kamwe kuwa tofauti ya miraba miwili, kwa sababu mraba ukigawanywa kwa 4 huacha 0 au 1 tu, na ukitoa moja kwa nyingine hupati 2. Programu utakayoipa namba hiyo bila kuimenya itazunguka bila kufika.

Bado hujamaliza. Je, 3,607 na 3,803 ni tasa? Watu hufurahi kupata zao wakasahau kuuliza. Mraba wa 61 ni 3,721, hivyo kwa 3,607 inatosha kujaribu namba tasa hadi 59. Kwa 3,803 jaribu hadi 61, kwa kuwa 62² = 3,844. Zinazokaribia kukudanganya ni chache: 3,607 kwa 7 inaacha 2, kwa 17 inaacha 3, kwa 53 inaacha 3, 3,803 kwa 7 inaacha 2, kwa 19 inaacha 3, kwa 29 inaacha 4. Hakuna inayoacha sifuri. Zote mbili ni tasa, na uchambuzi umekamilika:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Hakiki kwa kuzidisha upya. Ukipenda njia ya haraka, tumia mabaki ya 9: tarakimu za 3,607 zinajumlika kuwa 16, baki 7; za 3,803 ni 14, baki 5; 7 × 5 = 35, baki 8; na 26, jumla ya tarakimu za 13,717,421, nayo baki lake ni 8. Imekubali. Lakini hakiki hii haioni tarakimu zilizopishana. Ungeandika 13,714,721 kwa bahati mbaya, ingekubali vilevile. Kwa makosa ya aina hiyo fanya pia hakiki ya 11, ya kujumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu.

Hesabu tatu zinazotoka hapo

Idadi ya vigawo: chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha. Vipeo vyetu ni 1, 2, 1, 1, 1, kwa hiyo 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Namba ina vigawo 48, ikiwemo 1 na yenyewe. Kosa la kawaida ni kuzidisha vipeo bila kuongeza 1, unapata 2, jibu ambalo lingemaanisha namba ni tasa.

Jumla ya vigawo: kwa kila kigawo tasa jumlisha 1, chenyewe, mraba wake na kuendelea hadi kipeo chake kiishie, kisha zidisha majibu. Kwa 2 ni 1+2 = 3; kwa 3² ni 1+3+9 = 13, wala si 1+9 = 10, tafadhali; kwa 5 ni 6; kwa 3,607 ni 3,608; kwa 3,803 ni 3,804.

3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804 = 234 × 13,724,832 = 3,211,610,688

Ukiiondoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 1,977,042,798. Iweke pembeni, tutaihitaji.

Idadi ya namba kuanzia 1 hadi 1,234,567,890 zisizoshirikiana na yetu kigawo chochote isipokuwa 1: kwa kila kigawo tasa toa 1, na kwa kilichojirudia zidisha tena kwa chenyewe. Yaani 1 × (2 × 3) × 4 × 3,606 × 3,802 = 24 × 13,710,012 = 329,040,288. Hesabu hii ndiyo moyo wa usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia zao la namba tasa mbili kubwa, na inaonyesha kwa nini usimbaji huo unasimama: ukijua vigawo viwili vikubwa unaipata kwa dakika moja, usipovijua huna pa kuanzia. Ndiyo maana pia wanaotengeneza funguo hizo huepuka namba tasa zinazokaribiana, kwa kuwa Fermat angeziokota kama tulivyookota 3,607.

Sasa ndipo uipange kwenye makundi

Ni namba shufwa, hilo halihitaji maneno. Ni namba ya ziada, kwa sababu vigawo vyake bila yenyewe vinajumlika kuwa 1,977,042,798, zaidi ya yenyewe kwa 742,474,908. Zingelingana ingekuwa namba kamilifu, kama 6, 28, 496 na 8,128. Zingepungua ingekuwa pungufu. Kuna njia ya mkato: kila kigawe cha 6 kinachozidi 6 ni namba ya ziada. Yetu inagawanyika kwa 2 na kwa 3, basi tungeweza kujua bila hesabu yoyote. Hesabu inahitajika pale tu unapotaka ziada ni kiasi gani.

Si mraba wala mchemraba wala kipeo kingine cha namba nzima: vipeo 1, 2, 1, 1, 1 havina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Hata bila hivyo, mraba unaoishia na sifuri huishia na sifuri mbili. Wala haiko kwenye kundi la namba zisizobeba mraba ndani yake, kwa ajili ya ile 9.

Ni namba ya pembetatu, yaani jumla ya 1 + 2 + 3 hadi mahali fulani? Jaribio: zidisha kwa 8, ongeza 1, uone kama ni mraba kamili. Unapata 9,876,543,121, tarakimu zikishuka kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba mtu atatamani ikubali. Haikubali. 99,380² ni 9,876,384,400 na 99,381² ni 9,876,583,161. Yetu imeangukia katikati.

Kwenye jumla za miraba ndiko vigawo tasa vinakolipa. Namba ni jumla ya miraba miwili ikiwa tu kila kigawo tasa kinachoacha baki 3 kwa 4 kina kipeo shufwa. Angalia tarakimu mbili za mwisho: 07 inaacha 3, na 03 inaacha 3. Hivyo 3,607 na 3,803 zote ni za aina hiyo, na kila moja ina kipeo 1. Jibu ni hapana. Ile 3 haina tatizo kwa kuwa kipeo chake ni 2.

Miraba mitatu je? Adrien-Marie Legendre alithibitisha kwamba zinazokataa ni zile tu ambazo, ukishatoa 4 zote, zinaacha baki 7 zikigawanywa kwa 8. Yetu haina 4 ya kutoa, na 890 kwa 8 inaacha 2. Basi inakubali, ila kanuni haikuambii miraba yenyewe. Ili kuipata, toa mraba mkubwa unaoingia, kisha pima kilichobaki kwa kanuni ya miraba miwili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 35,136.4 hivi:

35,136² inaacha 29,394 = 2 × 3² × 23 × 71. Imekataa, kwa ajili ya 23 na 71.
35,135² inaacha 99,665 = 5 × 31 × 643. Imekataa.
35,134² inaacha 169,934 = 2 × 84,967, na 84,967 inaacha 3 kwa 4. Imekataa.
35,133² inaacha 240,201 = 3² × 13 × 2,053. Imekubali.

Kwa kuwa 13 = 2² + 3² na 2,053 = 17² + 42², zao lao ni 160² + 33². Rudisha ile 3 kwa kuzidisha kila upande: 480² + 99² = 240,201. Hivyo:

1,234,567,890 = 35,133² + 480² + 99²

Kundi moja linalosahaulika ni la namba ambazo kila namba ndogo kuliko yenyewe inaweza kupatikana kwa kujumlisha baadhi ya vigawo vyake bila kukirudia hata kimoja. Namba yenye vigawo 48 ungeitegemea ifaulu. Inafeli mapema sana. Vigawo vyake vyote vilivyo chini ya 3,607 ni vile vya 90, na jumla yao ni 234. Kigawo kinachofuata ni 3,607. Kwa hiyo 235 huipati kwa vyovyote.

Mwisho wa makundi ni yale ya tarakimu. Ina kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 mara moja. Pia inagawanyika kwa jumla ya tarakimu zake: 1,234,567,890 ÷ 45 = 27,434,842, kundi alilolieleza Mhindi D. R. Kaprekar na kuliita Harshad. Yatenge makundi haya na yale ya juu. Hutegemea kwamba tunahesabu kwa makumi. Ukiiandika namba hiyohiyo kwa mfumo mwingine yanaweza kupotea, ilhali vigawo 48 havitikisiki.

Ndani ya kompyuta

Kuigeuza kuwa 0 na 1, usigawe kwa 2 mara 31. Gawa kwa 16 na uandike mabaki: 2, 13, 2, 0, 6, 9, 9, 4. Yasome kinyumenyume, 13 ikiandikwa D: 499602D2. Kila alama ni tarakimu nne za 0 na 1, kwa hiyo:

100 1001 1001 0110 0000 0010 1101 0010

Ni biti 31, na zenye 1 ni 12. Inaingia kwenye nafasi ya kawaida ya biti 32 yenye alama, yaani inayobeba namba chanya na hasi, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Lakini jumla ya vigawo, 3,211,610,688, haiingii. Programu iliyoandikwa kwa C ikiweka jibu hilo kwenye nafasi hiyo, kwa kawaida itakuonyesha −1,083,356,608. Ukiona jumla ya vigawo ni hasi, usitafute kosa kwenye kanuni. Panua nafasi iwe biti 64.

Kwenye Excel tatizo ni jingine: inashika tarakimu 15 tu. Mraba wa namba yetu ni 1,524,157,875,019,052,100, nayo itaandika 1,524,157,875,019,050,000 bila kukuonya. Python haina kikomo hicho kwa namba nzima. Kwa uchambuzi wenyewe, kwenye Linux andika `factor 1234567890` na utapata `2 3 3 5 3607 3803`.

Wanaohesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 waliifikia namba hii tarehe 13 Februari 2009, saa 23:31:30 kwa saa za Greenwich. Afrika Mashariki ilikuwa tayari tarehe 14, saa nane usiku na dakika 31.

Ukitaka zoezi, ongeza 1. Jirani yake, 1,234,567,891, ni tasa, na kulithibitisha hilo kwa kugawa kunadai namba tasa zote hadi 35,136. Tumia jaribio la Miller-Rabin, linalopima utasa bila kutafuta vigawo, kwa kuijaribu namba dhidi ya namba ndogo zinazoitwa misingi: hapa 2, 3, 5 na 7. Kwa namba yoyote iliyo chini ya 3,215,031,751 misingi hiyo minne haikosei. Usitosheke na jaribio dogo la Fermat peke yake, lile linaloangalia kama msingi uliopandishwa kwa kipeo cha namba kasoro 1 unaacha baki 1 ukigawanywa kwa namba hiyo: 341 hulipita kwa msingi wa 2 ingawa ni 11 × 31, na 561, yaani 3 × 11 × 17, hulipita kwa kila msingi usioshirikiana nayo kigawo. Na ile 3,215,031,751 yenyewe? Hupita misingi yote minne ya Miller-Rabin, kumbe ni 151 × 751 × 28,351.